VPN kwenye ruta ya nyumbani: handaki linaanzia wapi, linaishia wapi

VPN ni njia ya siri, kama handaki, inayounganisha sehemu mbili kupitia intaneti. Watu wawili wanaweza kusema "nataka kuweka VPN kwenye ruta" na kila mmoja akawa na jambo lake. Wa kwanza anataka kila kifaa cha nyumbani, kuanzia simu hadi runinga, kitoke intanetini kupitia seva ya kampuni ya VPN. Wa pili anataka akiwa safarini aweze kuingia nyumbani kwake: afungue mafaili yaliyo kwenye diski, atazame kamera, achapishe kwa printa. Kwa wa kwanza ruta ni mteja, yenyewe ndiyo inayopiga hodi kwa seva ya mbali. Kwa wa pili ruta ni seva, inakaa ikisubiri kupigiwa hodi. Menyu za ruta nyingi huweka mambo haya mawili kwenye kurasa jirani, tena kwa majina yanayokaribiana, na aliyejaza ukurasa usio wake huweza kushinda kutwa akitafuta kosa mahali ambapo halipo. Amua kwanza wewe ni yupi. Sehemu kubwa ya makala haya inamhusu wa kwanza. Wa pili tutamfikia mwishoni.

Kinachotokea ni hiki. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inatoka kwenye simu na kufika kwenye ruta kama kawaida. Ruta inaisimba (inaigeuza isisomeke bila ufunguo), inaifunga nzima nzima ndani ya pakiti nyingine, na juu yake inaandika anwani ya seva ya VPN. Mtoa huduma wako wa intaneti anaona bahasha zinazokwenda mahali pamoja tu, basi. Seva ikiipokea inaifungua, inatoa pakiti ya ndani, na kuituma kwenye tovuti iliyokusudiwa kwa anwani yake yenyewe. Kuanzia hapo pakiti inasafiri kama ambayo haikuwahi kupita kwenye VPN.

Kwa hiyo handaki linaanzia kwenye ruta na kuishia kwenye seva ya VPN. Kati ya simu na ruta, ulinzi wako ni nywila ya Wi-Fi na usimbaji wake, WPA2 au WPA3. Kutoka kwenye seva hadi kwenye tovuti, ulinzi wako ni HTTPS, usimbaji wa tovuti yenyewe. Na majina ya tovuti unazotembelea, ambayo mtoa huduma wa intaneti alikuwa akiyaona, sasa yanaonwa na kampuni ya VPN. Umebadilisha unayemwamini, hukuondoa haja ya kumwamini mtu. Ukiingia kwenye akaunti yako ya barua pepe, mwenye huduma hiyo anakujua vilevile. Na simu ikitoka nje ya nyumba ikatumia data yake, iko nje ya handaki.

Sheria za VPN nazo hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo angalia za mahali ulipo kabla ya kuanza.

Itifaki na nguvu ya kifaa

Itifaki ni kanuni ambazo ncha mbili za handaki hutumia kuzungumza. Kwa anayeanza leo, chaguo la kwanza ni WireGuard. Iliingizwa rasmi katika kiini (kernel) cha Linux toleo la 5.6, mwaka 2020, na kwa kuwa ruta nyingi zinaendeshwa na Linux, pakiti husimbwa ndani ya kiini chenyewe bila kuhamishwa huku na huko. Usimbaji wake, ChaCha20-Poly1305, hauhitaji maunzi maalumu, na hiyo ni nafuu kubwa kwa vichakataji vidogo vya ruta.

OpenVPN ni ya zamani zaidi, imejaribiwa sana, na ina sifa moja ambayo WireGuard haina: inaweza kupita kwenye TCP poti 443 pale mtandao unapozuia UDP, namna ya usafirishaji ambayo WireGuard hutegemea. Shida yake kwenye ruta ni uzito. Kwa kawaida inafanya kazi nje ya kiini cha Linux na kutumia kiini (core) kimoja tu cha kichakataji, hata kama ruta yako inavyo vinne. Ruta ndogo ya zamani yenye kichakataji cha MIPS inaweza kugota kwenye Mbps 10 hadi 20 hata kama laini yako ni ya Mbps 100. Mtu akiona hivyo hulaumu kampuni ya VPN, kumbe ni kichakataji cha ruta kilicholemewa. Ili kujua ukweli, pakua faili kubwa kupitia handaki huku ukitazama mzigo wa kichakataji. Kiini kimoja kikifika asilimia 100, umepata jibu, na kubadilisha seva hakutasaidia kitu.

PPTP, itifaki nyingine ya zamani, iache kabisa, hata ukiikuta kwenye menyu. Uthibitishaji wake wa MS-CHAPv2 ulishavunjwa hadharani mwaka 2012.

Kuhusu ruta yenyewe: ile uliyopewa na mtoa huduma wa intaneti mara nyingi haina sehemu ya mteja wa VPN, na programu yake imefungwa. Huna haja ya kuitoa. Nunua ruta yako inayokubali WireGuard na uichomeke nyuma ya ile ya kwanza kwa kebo, kutoka tundu la LAN (upande wa nyumbani) la ruta ya mtoa huduma kwenda tundu la WAN (upande wa intaneti) la ruta yako. ASUS nyingi za sasa zinaikubali, GL.iNet zimejengwa juu ya OpenWrt (programu huria ya ruta), MikroTik wameiweka kuanzia RouterOS 7, na ruta nyingine nyingi zinaweza kuwekewa OpenWrt ikiwa modeli yake hasa imo kwenye orodha ya OpenWrt. Tazama pia namba ya toleo la maunzi iliyobandikwa chini ya kifaa. Modeli yenye jina lilelile, toleo jingine, inaweza kuwa na chipu tofauti kabisa, na programu ya toleo lisilo lake inaweza kuiua.

Ruta mbili zikifuatana, lazima kila moja iwe na mtandao wake. Ya mbele ikiwa 192.168.1.1, ya kwako ipe mathalani 192.168.47.1. Zikifanana, ruta yako haitajua 192.168.1.1 iko upande gani, na intaneti haitapita kabisa.

Faili moja, mistari michache

Kampuni ya VPN itakupa faili la WireGuard lenye sura hii:

[Interface]
PrivateKey = ufunguo wako wa siri
Address = 10.14.0.2/32
DNS = 10.14.0.1

[Peer]
PublicKey = ufunguo wa umma wa seva
AllowedIPs = 0.0.0.0/0
Endpoint = 203.0.113.20:51820
PersistentKeepalive = 25

Mstari unaochanganya wengi ni AllowedIPs, kwa sababu unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Pakiti ikitoka, unajibu swali "anwani hii ipitie kwa nani?" Pakiti ikiingia, unajibu "huyu anaruhusiwa kutumia anwani gani kama yake?" 0.0.0.0/0 maana yake ni anwani zote za IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za intaneti), ndiyo sababu trafiki yote ya nyumba inaingia handakini. Ukiwa na wenza wawili (sehemu mbili za [Peer]) kwenye kiolesura (Interface) kimoja na ukawapa anwani zilezile, wa mwisho huzichukua na wa kwanza hubaki mikono mitupu, bila onyo lolote kwenye skrini.

Pakua faili hilo mahususi kwa ajili ya ruta. Usitumie lile ambalo tayari liko kwenye simu yako. Seva ya WireGuard humtambua mtu kwa ufunguo, na majibu huyapeleka kule ilikosikia ufunguo huo mara ya mwisho. Vifaa viwili vyenye ufunguo mmoja vitanyang'anyana majibu. Intaneti itakwenda na kukatika, kukatika na kwenda, na hakuna kumbukumbu itakayokuambia kwa nini.

Kwenye OpenWrt, hifadhi kwanza nakala ya mipangilio yako. Kisha sakinisha kifurushi cha luci-proto-wireguard na uwashe ruta upya. Nenda "Network", halafu "Interfaces", ongeza kiolesura kipya, kiite vpn, na chagua itifaki ya WireGuard. Matoleo mapya yana kitufe cha kupakia faili zima. Vinginevyo nakili mstari kwa mstari. Kwenye ukurasa wa mwenza hakikisha umetia tiki "Route Allowed IPs", la sivyo handaki litakuwepo lakini hakuna pakiti itakayolifuata. Kwenye kiolesura cha WAN, katika mipangilio ya ndani, ipe "gateway metric" namba kama 100 ili njia ya handaki itangulie.

Halafu faiawoli, ukuta unaoamua pakiti ipi ipite na ipi izuiwe. Tengeneza kanda mpya iitwayo vpn, ukiweke kiolesura hicho ndani yake: "Input" ikatae, "Output" ikubali, "Forward" ikatae, kisha tia tiki "Masquerading" (pakiti zote zionekane zimetoka kwenye anwani ya ruta) na "MSS clamping" (pakiti zisizidi ukubwa wa handaki). Ruhusu lan kwenda vpn. Ukisahau "Masquerading", ruta yenyewe itafika intanetini lakini simu na kompyuta hazitafika, kwa sababu seva ya VPN inaijua 10.14.0.2 tu na haina habari na 192.168.47.23.

Ruta zenye menyu rahisi zaidi, kama za ASUS na GL.iNet, hukufanyia haya yote ukishapakia faili. Hata hivyo yafaa kujua kinachofanyika nyuma ya pazia, maana yakiharibika ni haya haya yanayoharibika.

Kujua kama kweli linafanya kazi

WireGuard haina hali ya "nimeunganishwa". Kiolesura kitaonyesha kijani hata kama ufunguo ni wa uongo na seva imezimwa. Kitu cha kutazama ni muda wa mwisho wa kupeana mikono (handshake), yaani salamu kati ya ruta na seva, unaoonekana kwa amri ya wg show au kwenye ukurasa wa hali wa WireGuard. Trafiki ikiwa inapita, salamu hiyo hurudiwa kila baada ya dakika 2 hivi. Ukiona dakika 3 zimepita ilhali watu wanatumia intaneti, handaki limekufa. Ukiona baiti zilizotumwa zinaongezeka na zilizopokewa ni 0, kosa liko kwenye ufunguo, kwenye Endpoint, au UDP imezibwa njiani.

Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP ukiwa kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Inapaswa kuwa ya seva, si ya mtoa huduma wako. Hapo wengi hufurahi na kufunga kazi, wakati pana matundu mawili yaliyobaki wazi.

Tundu la kwanza ni DNS, huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Simu ikitaka kujua anwani ya tovuti, huiuliza ruta, na ruta ndiyo inayokwenda kuuliza nje. Ikiwa bado inatumia DNS iliyopewa na mtoa huduma wa intaneti, na seva hiyo iko kwenye mtandao wa upande wa WAN, majina ya tovuti zote yanapita nje ya handaki huku data zenyewe zikipita ndani. Nenda kwenye WAN, ondoa tiki ya kutumia DNS inayotangazwa na upande wa pili, na uandike ile iliyo kwenye faili la VPN. Kisha fanya jaribio la uvujaji wa DNS kwenye kivinjari. Jina la mtoa huduma wako lisionekane.

Tundu la pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani unaotumika sambamba na IPv4. Mtoa huduma akikupa IPv6 na kampuni ya VPN ikikupa IPv4 tu, vifaa vya nyumbani vitapendelea IPv6 na kupita pembeni ya handaki kana kwamba halipo. Kama faili lako lina anwani ya IPv6, ongeza ::/0 kwenye AllowedIPs. Kama haina, zima matangazo ya IPv6 kwenye LAN, yaani "RA-Service" na "DHCPv6-Service".

Na handaki likianguka? Hapa ndipo inapohitajika kinga inayokata intaneti badala ya kuiacha ivuje. Kwenye OpenWrt si kitufe: futa tu ruhusa ya lan kwenda wan. Njia ikiwa haipo, pakiti za vifaa vyako haziwezi kupotea zikapita huko. Ijaribu: zima kiolesura cha vpn kwa mkono, kisha kwenye kompyuta piga ping 1.1.1.1. Ikijibu, kinga haipo. Kumbuka kwamba kinga hii inazuia vifaa vilivyo nyuma ya ruta, haizuii ruta yenyewe. Ndiyo maana DNS ya ruta ilibidi irekebishwe peke yake.

Saa ya ruta

Hili huwachanganya hata wazoefu. VPN inafanya kazi vizuri wiki nzima, umeme unakatika, ukirudi handaki haliinuki tena. Hakuna kilichobadilishwa.

Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma, na ruta huisahihisha kwa kuuliza seva za muda intanetini. WireGuard huweka muhuri wa wakati ndani ya kila salamu, na seva hukataa salamu yenye wakati uliotangulia ule wa mwisho kuuona, ili mtu asirudie salamu ya zamani aliyoinasa. Ruta yenye saa ya nyuma inasalimia, seva inanyamaza. OpenVPN nayo inakwama kwa namna yake: inaona cheti cha seva bado hakijaanza kutumika. Sasa kama kila kitu kinapita handakini, hata ombi la muda linapita handakini. Handaki linasubiri saa, saa inasubiri handaki.

Dawa ni kuiachia ruta njia moja nje ya handaki. Chagua seva ya muda, iandike kwa namba ya IP badala ya jina, kisha ongeza njia ya kudumu ya anwani hiyo kupitia wan. Kwa sababu hiyohiyo, Endpoint nayo iwe namba: ikiwa ni jina, na DNS yako iko ndani ya handaki, ruta haitaweza kulitafsiri jina la mlango ambao haijaufungua. Kampuni ikibadilisha namba itabidi uibadilishe kwa mkono, lakini hilo hutokea mara chache kuliko umeme kukatika. Ukimaliza, chomoa ruta ukutani kwa dakika moja, irudishe, usiguse kitu. Handaki likiinuka lenyewe, umefaulu.

Kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinaganda

Dalili hii karibu kila mara ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Pakiti ya kawaida ya Ethernet ina hadi baiti 1500. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6, ndiyo sababu hutumia 1420. Lakini laini ya PPPoE (ile ambayo ruta huiingia kwa jina na nywila) ina 1492 tu, hivyo weka 1412. Laini za simu huweza kuhitaji ndogo zaidi. 1280 ni kiwango cha chini salama cha kujaribia, halafu upande polepole. Kwenye Windows, ping -f -l 1392 ikifuatwa na anwani ya nje hujaribu pakiti ya 1420 kamili, kwani 28 ni za vichwa. Ikikataa, punguza hadi ikubali, ongeza 28, hiyo ndiyo MTU yako.

Si kila kifaa kipite humo

Programu ya benki inaweza kukataa kuingia kutoka nchi nyingine, huduma ya filamu ikagundua VPN na kufunga, mchezo wa mtandaoni ukachelewa. Unaweza kusakinisha kifurushi cha pbr, kinachochagua njia ya kila trafiki, na kupanga kifaa kwa kifaa, baada ya kuvipa anwani zisizobadilika kwenye DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani. Njia iliyo bora kwa familia, hata hivyo, ni kutengeneza Wi-Fi mbili: moja inayoelekezwa vpn, nyingine inayoelekezwa wan, kila moja na mtandao na kanda yake. Hii nayo inahitaji pbr, ila kanuni moja tu ya mtandao mzima. Anayetaka handaki anachagua jina la Wi-Fi, na hakuna anayekuja kukuamsha usiku kwa sababu runinga imegoma.

Kama unataka kuingia nyumbani kutoka nje

Jambo la kwanza ni kujua kama nyumba yako inafikika. Tazama anwani ya WAN kwenye ruta inayogusa laini ya mtoa huduma, uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti ya IP wakati VPN imezimwa. Zikitofautiana, au ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna mpangilio wa ruta utakaokuwezesha kupigiwa hodi kwa IPv4. Omba anwani ya umma, au tumia IPv6 kama unayo, au kodisha seva ndogo nje ambayo ruta yako itaipigia na wewe ukaipigia, mkutane hapo.

Kama anwani ni ya umma, fungua UDP 51820 kutoka wan kuja kwenye ruta. Kama mbele kuna ruta ya mtoa huduma, nayo ielekeze poti hiyo kwako. Usijaribu poti kwa tovuti za kukagua poti: WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo zitakuambia imefungwa hata ikiwa wazi. Jaribu kwa simu iliyozimwa Wi-Fi. Kwenye ruta, mpe kila mwenza anwani yake moja, mfano 10.20.0.2/32 kwa simu. Kwenye simu, AllowedIPs iwe 10.20.0.0/24 na 192.168.47.0/24 ukitaka vitu vya nyumbani tu. Hapa ndipo namba isiyo ya kawaida kama 47 inapolipa, kwani Wi-Fi ya hoteli ikiwa 192.168.1.0/24 na nyumba yako pia, simu itaitafuta printa yako palepale hotelini.

Kasi utakayoipata ukiwa nje haiwezi kuzidi kasi ya kupakia ya laini ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Na simu ikipotea, ingia kwenye ruta, futa mwenza wake peke yake, uwashe kiolesura upya. Funguo za wengine hazihitaji kuguswa.